Chiriku wa Padre



Sisi ni mafrateri watatu wa mwaka wa pili wa falsafa. Muhula huu tulijifunza habari za nafsi kama alivyofundisha Aristotle: nafsi ya mimea inayokua, nafsi ya wanyama inayohisi, na nafsi ya binadamu inayofikiri. Katika mtihani tuliandika vizuri kwamba mnyama huhisi maumivu. Wiki chache baadaye somo hilo liliturudia, safari hii kwa ndege asiyezidi gramu 20.

Padre mmoja mzee, aliyestaafu kazi za parokia, anaishi nasi hapa seminarini na anafuga chiriku wa rangi ya njano. Alimkuta mkononi mwa mtoto aliyemnasa kwa ulimbo, manyoya yameshikana na hawezi kuruka. Padre alimnunua, akamsafisha kidogo kidogo kwa siku nyingi, na tangu hapo wawili hao wamezoeana. Asubuhi baada ya Masifu, tukielekea kunywa uji, humsikia akiimba barazani. Mtu msemaji sana huitwa chiriku, na huyu wa Padre alilistahili jina lake.

Mwezi wa sita Padre alikwenda hospitali kutibiwa macho, akatuachia tundu. Maagizo yalikuwa machache: uwele na ulezi, maji safi kila siku, kitambaa cha kumfunika usiku kwa sababu ya baridi, na asitolewe nje ya tundu.

Siku ya nne tulimtoa. Mmoja wetu alisema mlango wa chumba umefungwa, basi ndege anyooshe mabawa kidogo. Wawili hatukukataa, tulikaa kitandani tukitazama kwa furaha. Chiriku alizunguka taa mara mbili, akauona mwanga wa dirisha, akaenda moja kwa moja kugonga kioo. Akaangukia juu ya daftari la mantiki. Alipojiinua, bawa la kushoto lilikuwa limening'inia chini ya lile la kulia.

Yaliyofuata tunayaandika kwa aibu, ila huenda yakamsaidia mtu. Tulimshika kwa ngumi ili asitutoroke, bila kujua kwamba ndege hupumua kwa kutanua kifua, na ukimbana kidari unamnyima pumzi. Tulitaka kumtilia maji mdomoni kwa kijiko. Usiku tulitaka kuingiza jiko la mkaa chumbani ili apate joto. Bahati nzuri mama wa jikoni alituuliza mkaa ni wa nini. Tulipomweleza, alishika kiuno. "Wanangu, madirisha mmefunga, mkaa unawaka. Kesho tuwazike wangapi?" Akatupa chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa.

Lakini kosa kubwa lilikuwa kumjaribu. Kila baada ya kipindi tulirudi chumbani, tukamweka kidoleni, tukashusha mkono ghafla tuone kama atafungua mabawa yote mawili. Alifungua moja na nusu. Baada ya chakula cha mchana tukamjaribu tena. Tuliita hilo kumhudumia. Ukweli ni kwamba Padre alitarajiwa Jumapili, nasi tulitaka ndege awe anaruka ifikapo Jumamosi, ili pasiwe na habari ya kusimulia.

Siku ya pili alifika daktari wa mifugo kuwaona ng'ombe wa seminari. Tulimwomba atutazamie. Alimshika kwa kitambaa, kwa vidole viwili vilivyozunguka shingo kwa wepesi na kifua kikiwa huru. Akalinganisha bawa na bawa, akapuliza manyoya kutafuta damu au uvimbe. "Sihisi mfupa uliovunjika," alisema, "lakini kwa ndege mdogo hivi siwezi kuapa. Inawezekana ni misuli, inawezekana mfupa una ufa." Akatuagiza tusimfunge bawa kwa uzi. Tumweke katika boksi lenye matundu ya hewa, mahali penye utulivu na mwanga hafifu, chakula na kisahani cha maji vikae chini asipande. Apumzike wiki mbili au tatu. Na tusimshike bila sababu.

Kisha akaongeza neno ambalo hatujalisahau. Ndege mgonjwa hujifanya mzima kadiri awezavyo, kwa kuwa mwewe humchagua aliye dhaifu. "Ukiona mpaka ameonyesha, ujue ameumia kuliko unavyoona. Na kila mkimshika, yeye anadhani mnamla."

Jioni, wakati wa kutafiti dhamiri, tulikumbuka methali tuliyokuzwa nayo: mficha maradhi kilio humfichua. Ndege alikuwa na sababu ya kuficha. Sisi tulimficha nani, na kwa nini? Mtakatifu Thoma wa Akwino anauliza katika Summa kama viumbe wasio na akili wanaweza kupendwa kwa mapendo. Anajibu kwamba hatuwezi kuwa marafiki nao kwa maana kamili, ila tunaweza kuwapenda kama mema tunayowatakia wengine. Chiriku yule alikuwa furaha ya mzee mmoja aliyelala hospitali akiwa amefungwa macho. Sisi tulikuwa tumemgeuza kuwa kinga ya jina letu.

Baada ya chakula cha usiku tuliomba ruhusa kwa mlezi, tukampigia Padre simu. Kabla ya kupiga tulipanga maneno, na hapo tukagundua jinsi Kiswahili kinavyomsaidia mtu kujificha. Tulikuwa tumeandaa kusema, "Padre, tundu lilifunguka, ndege akaumia." Lilifunguka, kama kwamba lina mikono! Mmoja wetu akasema hapana, tundu halikufunguka, tulilifungua. Ndivyo tulivyomwambia: "Padre, tulilifungua tundu ulilotukataza. Chiriku aligonga dirisha. Bawa la kushoto limeumia, na hatujui kama atapona."

Padre alinyamaza kwa muda. Tulisikia watu wakipita wodini. Kisha akauliza neno moja tu: "Anakula?"

"Anakula, Padre."

"Basi mwacheni apumzike. Na ninyi mkalale, wanangu."

Tangu usiku ule ilikuwa rahisi kutomgusa. Tulimwekea uwele na maji, tukasafisha boksi, tukatoka. Siku ya 16 alirukia kijiti cha chini peke yake, bila mtu kumjaribu. Padre amesharudi. Alimtazama kwa jicho lililopona, akasema bawa bado liko chini kidogo, akamrudishia tundu baada ya kuondoa vijiti vya juu. Akiruka huenda upande. Hajaimba wimbo mzima bado. Hutoa sauti moja moja asubuhi, nasi hupita barazani polepole ili tusikie.

Ndugu msomaji, nyumbani kwako akianguka ndege au kifaranga, mpe joto, giza na utulivu, mtafute anayejua, kisha uondoe mkono. Na akiwapo mwenzako aliyeumia moyoni, awe bwenini au katika jumuiya yenu, angalia usimwendee kila saa kumuuliza kama amepona, kwa kuwa wewe ndiwe unayetaka kutulia. Kama jeraha lake lilipitia mkononi mwako, anza kwa kumwambia ukweli. Sisi tulichelewa siku moja na nusu, na kwa ndege wa gramu zile, huo ni muda mrefu.