Kwa nini wahami wa Kanyaruchinya walikasirikia Georgetown

Kuna wasikilizaji wanaoniuliza hadi leo kwa nini kipindi chetu cha michezo cha Jumamosi kilitoa dakika mbili kila wiki kwa timu ya chuo kikuu kimoja cha Washington, timu ambayo haikujua kushinda. Tangu Papa Dikembe Mutombo alipotutoka kule Atlanta, tarehe 30 Septemba 2024, swali hilo limerudi kwa nguvu, maana dakika hizo zilianza kwa ajili ya jina lake.

Alizaliwa Kinshasa mwaka 1966. Mwaka 1987 alikwenda kusoma Georgetown akitaka kuwa daktari, akakuta kocha John Thompson anayemtaka uwanjani, akatoka hapo mwaka 1991 na kuingia NBA. Hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake, Biamba Marie, ilifunguliwa 2007. Kwa hiyo mwaka 2021, mtoto wake Ryan alipojiunga na chuo kile kile, vijana wa hapa Goma hawakuhitaji kuelezwa kitu. Mutombo mwingine yuko Georgetown, basi Georgetown ni yetu. Tena Ryan naye ni mrefu kupita mita mbili, na kocha wake alikuwa Patrick Ewing, mrefu mwingine, ambaye mwaka 1984 aliichezea Georgetown hiyo hiyo ilipochukua ubingwa wa vyuo vya Marekani. Na miezi michache kabla Ryan hajafika, timu ilikuwa imechukua kombe la Big East kwa kuipiga Creighton 73 kwa 48. Sisi tulisema: mtoto amefika wakati mzuri.

Msimu wake wa kwanza Georgetown walishinda mechi 6 wakapoteza 25. Katika ligi yao ya Big East walicheza 19, wakapoteza zote 19.

Msimu uliofuata ndio ulikutana na vita yetu. Oktoba na Novemba 2022 familia za Rutshuru zilijaa Kanyaruchinya, na wengi walifika na godoro, sufuria na radio. Ndipo nikaanza kupokea ujumbe wa sauti kutoka kambini, kwanza wa vijana, halafu na wa wamama. Mechi ya saa mbili za usiku kule Washington, hapa ni saa tisa za usiku, hakuna anayeiangalia moja kwa moja. Vijana walisubiri asubuhi, wakachangia mega, wakaangalia vipande kwenye telefone moja pale wanapochajisha, watu kumi kichwa juu ya kichwa. Jumamosi wakasikiliza kama mimi nitasema walichoona.

Neno lenyewe lilitupa shida. Mara ya kwanza nilisema hewani kwamba mashambulizi ya Georgetown ni dhaifu, mama mmoja akatuma ujumbe: alikuwa anapika, akasikia neno mashambulizi, akaacha sufuria akaita watoto. Toka siku hiyo nikaanza kusema "namna yao ya kutafuta kikapu". Ni ndefu, lakini haimfukuzi mtu jikoni.

Na hiyo namna ya kutafuta kikapu ndiyo iliwakasirisha watu. Kupoteza peke yake hawakukulalamikia sana. Kwa wasiojua mchezo: katika vyuo vya Marekani timu ina sekunde 30 za kurusha mpira tangu iupate. Sekunde 30 ni nyingi. Unaweza kupiga pasi tano, sita, ukamvuta mlinzi huku, ukamfungua mwenzako kule. Mchezaji mrefu anakuja kumwekea mwenye mpira kizuizi, mlinzi anagonga ukuta ule, halafu mrefu anageuka anakimbilia kikapu na kunyoosha mkono. Hapo anangojea pasi tu. Katika vipande tulivyokuwa tunaangalia, mrefu aliweka kizuizi, akageuka, akanyoosha mkono, na mwenye mpira akaendelea kuudundisha. Pasi moja pembeni, mpira unarudishwa. Sekunde nane zimebaki, mtu anarusha akiwa na walinzi wawili usoni. Mpira unagonga chuma. Wapinzani wanakimbia nao.

"Mukubwa, ule mtoto iko anakimbia bure, hawamupatie mpira!" Huyo ni kijana wa miaka kama 16, kutoka Rutshuru. Ujumbe wake tuliupitisha hewani, na wiki iliyofuata nikapata mwingine wa namna hiyo karibu kutoka kila upande wa kambi.

Mimi nilijaribu kuwatetea. Nilieleza kwamba sheria ya 2021 ilimruhusu mchezaji kuhama chuo mara moja bila kukaa nje mwaka mzima, na kwamba baada ya ule msimu wa kupoteza 19 wengi walihama, Ewing akajaza nafasi kwa vijana waliotoka vyuo vingine. Hawajuani, nikasema, na pasi inataka mtu unayemjua. Nilieleza pia kwamba Ryan alipewa dakika chache tu, na kwamba hata baba yake hakupata sifa kwa kufunga. Mwaka 1989, akiwa bado Georgetown, Dikembe alizuia mipira 12 katika mechi moja dhidi ya St. John's. NBA ilimchagua mlinzi bora wa mwaka mara nne. Kidole kile alichokuwa anatikisa kilikuwa cha kusema hapana. Sasa ninyi mnaompenda mtu wa kuzuia, mbona mnalia juu ya kufunga?

Jibu lililonishinda lilitoka kwa mama mmoja mwenye watoto watano. Akasema: "Unasema hawajuani. Sisi nao tulifika hapa hatujuani, huyu wa Kiwanja, huyu wa Rugari, huyu wa Kibumba. Wiki ya pili tulikuwa na zamu ya bomba la maji. Hao wanalala vizuri, wanakula, wana mwalimu. Pasi inawashinda nini?"

Sikupata la kuongeza, na kusema kweli aliona sawa. Timu ya watu wasiojuana inaweza kupoteza kwa heshima. Lakini mtu akikunyooshea mkono chini ya kikapu, humuhitaji kumjua.

Januari 2023 kulitokea mabishano ndani ya radio yetu. Mwenzangu mmoja alitaka tuondoe zile dakika mbili. Watu hawa wamepoteza mashamba, wamepoteza ndugu, alisema, na wewe kila Jumamosi unawasomea kwamba wamepoteza tena. Alikuwa na sababu. Tuliwauliza wasikilizaji wenyewe. Wachache walisema tuache. Wengine wakakataa kabisa, na mzee mmoja alisema kitu nilichokiandika kwenye kalamu yangu ya kazi siku hiyo hiyo: hii ndiyo habari mbaya pekee anayoweza kuikasirikia kwa sauti kubwa bila kuogopa nani anasikia.

Tukaendelea. Usiku wa tarehe 24 Januari waliwapiga DePaul 81 kwa 76. Ilikuwa ushindi wao wa kwanza katika mechi za kawaida za Big East tangu Machi 2021, baada ya kupoteza 29 mfululizo. Jumamosi ya tarehe 28 nilisoma matokeo mara mbili, maana walituomba. Kanyaruchinya, vijana waliniambia, watu walipiga masufuria.

Haikudumu. Walimaliza ligi kwa ushindi 2 na kupoteza 18, na Machi Ewing akafukuzwa. Ed Cooley alikuja kutoka Providence, na msimu wake wa kwanza ligi ikaisha tena 2 kwa 18. Mwaka 2024 Ryan alihamia Georgia Tech, Atlanta, mji ambao baba yake aliuchezea miaka mingi na ambao alifia.

Yule kijana wa Rutshuru mwaka huo alikuwa na miaka 18 hivi, na bado alikuwa kambini. Walicheza juu ya mawe ya volkano, kikapu kilikuwa duara la chuma lililofungwa kwenye mti, na mpira ulidunda pale ulipotaka wenyewe, kwa hiyo walizoea kupiga pasi kuliko kudundisha. Baada ya msiba alinitumia ujumbe. Alinipa pole ya Papa Mutombo kama vile nilikuwa ndugu yake. Halafu akauliza: "Na kule Georgia Tech, wanajua kupatia mrefu mpira?"

Msimu ulikuwa unaanza Novemba. Nilimwambia asikilize Jumamosi.