Matonya wa shanta

Nimekuwa kimya siku nyingi, mnisamehe. Kazi za chumba cha habari mnazijua, ukimaliza ya madiwani unaambiwa soko limeungua. Leo nataka kulitoa jambo ambalo nimekaa nalo tangu mwaka 2018. Kilichoniamsha ni picha aliyonitumia rafiki yangu juzi: kijana wa Kizungu amekaa chini pembeni ya barabara, mji fulani wa Asia, ameshika kipande cha boksi kinachoomba hela ya kuendelea kusafiri. Rafiki yangu aliandika chini yake, "Hii dunia imepinduka?" Mimi sikushangaa. Nilishawahi kuwapa.

Mwaka huo nilipata nafasi ya mafunzo ya wiki mbili Kuala Lumpur. Waandaaji walilipa tiketi na hoteli, posho tukaambiwa tutaikuta huko huko. Sasa mnajua mambo ya pasipoti yetu. Dada yangu, ambaye ameshasafiri kidogo, akaniambia usithubutu kupanda ndege bila pesa ya kuonyesha. Akanikopesha dola 300 za kwake, akaziweka kwenye bahasha, akasema, "Hizi si za kula. Ni za kuonyesha. Zirudi kama zilivyo."

Na kweli ziliombwa. Kwenye uwanja mmoja wa njiani, ambao sitautaja, afisa alinitoa pembeni ya mstari. Unakwenda kufanya nini? Barua ya mwaliko iko wapi? Tiketi ya kurudi? Una pesa kiasi gani? Nikazitoa, akaniambia zihesabu. Nikazihesabu juu ya meza, noti kwa noti, kama mtu anayelipa mahari, watu wote wakitazama. Nyuma yangu walikuwepo vijana wa Kizungu wanne hivi, kandambili miguuni, nywele hazijaona kitana mwezi mzima, migongoni wamebeba shanta kubwa kama magunia ya mkaa. Wao waligongewa mhuri wakapita. Walipofika mbele mimi bado nipo kwenye noti ya tatu.

Haya. Kuala Lumpur nikafika salama. Mji nikaupenda, chakula ndiyo usiseme. Ile roti canai yao ni ndugu wa damu wa chapati yetu, unachovya kwenye mchuzi wa dengu, pembeni chai ya maziwa iliyopigwa mpaka ikatoa povu. Jumamosi jioni nikatoka kwenda Bukit Bintang, mtaa wa maduka makubwa na watalii. Ndipo nikawakuta.

Mvulana na msichana, kwa kukisia miaka 25 hivi. Wametandika khanga (naapa ilikuwa khanga) na juu yake wamepanga picha za milima na fukwe ambazo wamepiga wenyewe. Boksi limeandikwa kwa Kiingereza: tunazunguka dunia, tusaidie tuendelee na safari, toa chochote. Pembeni shanta mbili. Simu ya mvulana ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Nikasimama. Msichana akaniuliza ninatoka wapi. Niliposema Tanzania akaruka kwa furaha. Walikuwa Nungwi mwaka uliotangulia! Ile khanga ilitoka huko! Akanitupia na "hakuna matata" yake. Wana miezi 14 njiani, akasema, na pesa zimekwisha. Nikamuuliza kwa upole tu, mbona hamrudi nyumbani? Akanitazama kama nimemuuliza mbona hafi. "Tukirudi, safari itakuwa imekwisha."

Mkono ukaingia mfukoni. Nikatoa ringgit 10, wakati ule zaidi kidogo ya shilingi 5,000. Wakashukuru, wakanipa picha ya mlima ambao sijui uko wapi, nikaondoka.

Nilipofika kwenye ngazi za treni nikamkuta yule mzee. Kipofu, kakaa kwenye kiti kidogo cha plastiki, anauza vipakiti vya tishu, ringgit moja kila kimoja. Nilikuwa nimempita siku tano mfululizo. Kila siku najiambia kesho, leo sina chenji.

Jamani, niliona aibu ambayo mpaka leo sijaipatia jina.

Watu wanaoandika kuhusu wasafiri hawa, ambao Kiingereza kimeshawapa jina la begpackers, wengi wanawachoma wao tu. Na wana haki. Wenyeji wa miji hiyo walianza kupaza sauti kwa nguvu mwaka 2017, picha zilipoenea kutoka Singapore, Thailand na Hong Kong, wakiuliza swali dogo: kwetu sisi kusafiri ni anasa unayoiwekea akiba, vipi mtu aombe anasa kwa watu wenye kipato kidogo kuliko nchi yake? Mwaka huohuo Thailand ikasikika ikiwabana wageni wa viza ya utalii waonyeshe baht 20,000 taslimu. Februari 2019, hapohapo Kuala Lumpur, wanandoa kutoka Urusi walikamatwa baada ya video kuenea: baba anamrusha na kumbembeza mtoto mchanga hewani, ameshikwa miguu, mbele ya watu wanaotoa sadaka ya safari. Katikati ya mwaka huo maafisa wa uhamiaji wa Bali wakasema mgeni atakayekutwa anaombaomba watampeleka ubalozini kwake.

Angalieni hapo. Ubalozini kwake. Ombaomba mwenyeji wa Malaysia anayo sheria yake ya mafukara ya mwaka 1977, inayoruhusu aokotwe barabarani apelekwe kwenye makazi ya serikali. Na kwetu je? Nani hamkumbuki Matonya, amelala chali kando ya barabara za Dar, mkono juu, na Mkuu wa Mkoa wakati huo, Mzee Makamba, akimrudisha Dodoma kila mara na yeye anarudi kila mara? Mpaka jina lake likawa neno. Mwaka 2016 operesheni ya kuwaondoa ombaomba jijini ilitangazwa tena. Sikumbuki hata siku moja tukimwita Matonya msafiri. Naye alikuwa anasafiri bwana, kilomita mia nne na ushee, kwenda na kurudi.

Nisiwe mwonevu. Wapo wanaoibiwa kweli, wapo wanaougua hospitali za ugenini bila bima. Mwenye gitaa anayepiga vizuri ni mfanyakazi, mpe chake, ingawa viza ya utalii kwa kawaida haimruhusu. Wala tabia hii si ya jana. Miaka ya sitini na sabini vijana wa Ulaya walikuwa wakishuka kwa mabasi kutoka Istanbul mpaka Kathmandu, na wengine waliishiwa wakanyoosha mkono India. Lakini nikiomba viza ya Schengen leo nalipa euro 90 zisizorudi hata nikinyimwa, naonyesha taarifa ya benki, na bima ya angalau euro 30,000. Mimi nikiishiwa pesa Paris nikakaa chini na boksi, hakuna atakayeniuliza kuhusu ndoto zangu.

Hayo yote nilikuwa nayajua nimesimama pale Bukit Bintang, na bado nilitoa. Ndiyo inayoniuma. Kwa nini? Nimejaribu kujidanganya kwamba ni ukarimu wetu, mgeni njoo mwenyeji apone. Mwongo mimi. Hata sikuwa mwenyeji. Ukweli ni kwamba Mzungu kuniomba mimi kulinifanya nijisikie mkubwa. Baada ya ile meza ya uwanja wa ndege, baada ya kuhesabu dola za dada mbele za watu, kuna kitu ndani yangu kilitaka kuwa upande wa pili wa mkono japo dakika moja. Ringgit 10 niliinunua dakika hiyo. Yule mzee kipofu hakuwa na kitu cha namna hiyo cha kuniuzia. Alikuwa na tishu.

Jumapili nilirudi kwenye ngazi, hakuwepo. Jumatatu nikamkuta. Nikampa noti ya 10, nikachukua kipakiti kimoja na kuanza kuondoka. Akaniita kwa sauti. Aliipapasa ile noti, akafungua kopo lake, akanihesabia ringgit tisa, moja moja, akaniwekea mkononi.

Nyumbani nilimrudishia dada bahasha yake. Akahesabu, zote 300 zipo. Nikamsimulia habari za wale vijana, nikidhani atacheka. Hakucheka. Akauliza, "Na hiyo khanga waliyotandika chini, ilikuwa na maneno gani?"

Sikuwa nimesoma.