HUZUNI YA MUDA MREFU HUUMIZA MOYO

Mimi ni mkulima wa mahindi na viazi wilayani Kilolo, mkoa wa Iringa. Nilizaliwa Tukuyu, mkoa wa Mbeya. Kaka yangu mkubwa anaishi huko hadi leo. Ana ugonjwa wa shinikizo la damu, na zamani alimeza dawa kila siku.

Mke wake alipofariki, kaka alibadilika. Tulidhani msiba utapita. Miezi ikapita, msiba ukabaki. Shamba lake la migomba likaota majani. Usiku halali. Chakula hakitaki. Dawa hazimezi tena. Jioni yuko kilabuni. Wengine walisema ni mvivu. Wengine walisema amerogwa. Halafu akaanza kubanwa kifua anapopanda kilima.

Tulimpeleka hospitali. Mganga alimpima moyo, kisha akamwuliza: "Mzee, unalala? Una hamu ya kazi?" Kaka akalia mbele yetu. Mganga akatueleza kuwa ana magonjwa mawili: moyo na sonona. Sonona ni huzuni nzito isiyoisha. Ni ugonjwa, si uvivu.

Magonjwa haya husaidiana kumwangusha mtu. Mwenye sonona mwili wake hukaa kama wa mtu aliyetishwa. Moyo huenda mbio na shinikizo la damu hupanda. Tena huacha dawa, hunywa pombe, huvuta sigara, wala hajishughulishi. Naye mgonjwa wa moyo huingiwa na hofu, na sonona huzidi. Mwaka 2004 utafiti wa nchi 52 ulionyesha kuwa mashaka na sonona ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya shambulio la moyo.

Kaka alitibiwa yote mawili. Alipewa dawa, na mganga alizungumza naye mara nyingi. Sisi ndugu tulipeana zamu ya kula naye. Sasa analima tena.

Ndugu wasomaji, mkimwona mtu ana huzuni kwa zaidi ya wiki mbili, hana hamu ya kazi wala chakula, msimcheke. Mpelekeni zahanati. Apimwe shinikizo la damu, na aeleze pia huzuni yake. Akibanwa kifua ghafla, mwahisheni hospitali saa ile ile.

Shinikizo la damu hupimwa kwa mashine. Huzuni hupimwa kwa kuulizwa na kusema. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.