Kabla ya kulipa nyumba

Wengi mmetuuliza kwa nini sisi, dada wawili wajane wauza samaki, tulitoa pesa zaidi ya bei ya nyumba kwa ajili ya karatasi tu. Wiki hii tunawajibu.

Nyumba iko Kasenga, vyumba vitatu. Muuzaji alituonyesha fishi ya parsele na karatasi ya mauzo ya zamani, akasema majirani wote wanaishi na hizo. Ni kweli, wengi wetu tunaishi hivyo. Na gharama za kadasta na za kubadilisha jina zingetosha mlango wa chuma na saruji ya choo. Mmoja wetu alitaka tuhamie kwanza, mwingine alikataa.

Ndugu yetu aliye Marekani alitueleza kwamba huko mnunuzi anaweza kulipia bima ya hati. Akitokea mtu wa kudai nyumba, kampuni inalipa avoka na hasara. Hapa Uvira bima hiyo hatujaiona. Kinga yetu ni kuchunguza kabla ya kutoa pesa, kisha kuandikisha.

Sheria ya Julai 1973 inasema ardhi yote ni ya Serikali. Sisi tunapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo inathibitishwa na sertifika ya usajili. Fishi haifiki hapo.

Kwa hiyo tulienda ofisi ya hati za ardhi kuuliza parsele imeandikwa kwa jina la nani, na kama ina deni au kesi. Tuliuliza majirani mpaka wake uko wapi, na maji ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipobomoa nyumba nyingi, yalifika wapi. Maana hakuna sertifika inayozuia mto.

Mwisho tukaomba mke wa muuzaji aje kutia sahihi, kwa sababu sheria ya familia inataka mume na mke wakubaliane nyumba inapouzwa. Ndipo mama yule alipojua kwamba nyumba anamolelea watoto inauzwa. Alilia mbele yetu. Tulirudi na pesa zetu, tukijua huenda nyumba imetuponyoka. Baada ya majuma matatu, wazee wa familia wakiwa wamekaa nao na sehemu yake imeandikwa, yeye mwenyewe alituita.

Tulilipa nusu siku hiyo. Nusu nyingine tulilipa sertifika ilipotoka na majina yetu yote mawili, ili mmoja akifa, watoto wake wasifukuzwe.

Mlango wa chuma bado hatujaweka. Tunafunga kwa mbao, na tunalala. Mama unayetaka kununua, uliza kwanza: mke wa muuzaji anajua?