Kuku wa Mkata na Yai la Kwanza

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kuisikia methali isemayo kwamba kuku wa mkata hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, na akilea wanawe huchukuliwa na mwewe. Wazee walioitunga waliijua dhiki vizuri. Lakini tangu nianze kufuga kuku uani kwangu, hapa Kikuyu mjini Dodoma, nimekuwa nikijiuliza: Je, ni kweli kwamba kuku wa mkata hatagi, au ni kwamba mkata hana nafasi ya kumngoja mpaka atage?

Swali hili si la mzaha kwa mtu aishiye kwa mshahara. Yai ni kitoweo cha mtoto, na ni fedha ndogo ya haraka siku ambayo mfuko umekauka. Lakini kabla ya yai la kwanza kuna miezi mingi ambayo kuku hula tu, wala harudishi kitu. Ni miezi hiyo ndiyo nitakayoizungumzia leo, kwa kuwa ndimo wanamopotelea kuku wengi wa mjini.

Wengi wenu mnaifahamu Kikuyu, jirani na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, kilichoanza mwaka 2007 mahali palipokuwa Shule ya Sekondari ya Mazengo. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, wapangaji wameongezeka na nafasi zimepungua. Hata hivyo ua mdogo haukosekani, na nchi yetu hii ya ukame haimchukii kuku. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo hubaki upepo na vumbi. Vumbi hilo linalotuudhi sisi, kuku hujigaragaza ndani yake na kuondoa utitiri. Mtama na alizeti havitoki mbali, na chenga za mtama na mashudu ya alizeti ni chakula kizuri sana cha kuku.

Vifaranga wetu kumi na wawili walianguliwa mwishoni mwa Januari 2023, baada ya koo wao kuatamia siku ishirini na moja. Koo huyo alikuwa zawadi ya mama mkwe, aliyetuletea kutoka Mvumi. Mwewe aliwachukua wawili, na paka wa jirani mmoja. Walipofika miezi mitatu tulikuwa na tisa, na ilikuwa imedhihirika kwamba sita ni mitetea na watatu ni pora. Wengine humwita mtetea ambaye hajaanza kutaga tembe. Na sisi tunaokaa katika nchi ya Wagogo hulipenda neno hilo, kwa kuwa tembe ni pia ile nyumba ya udongo yenye paa la kulala iliyowasitiri wazee wa hapa kwa muda mrefu.

Basi ndipo ilipoanza miezi ya kungoja. Msomaji uliyewahi kufuga unaifahamu. Kifaranga hupendwa na kila mtu. Koo mwenye mayai huheshimiwa. Lakini mtetea wa miezi minne hana mtetezi. Anakula pumba kama mkubwa, anachakura bustani ya mchicha, na anachafua kizingiti. Wageni wanaokuja kusalimia humtazama kwa jicho la sufuria. Kila mwisho wa mwezi, debe la pumba linaponunuliwa, mtu hujiuliza kama si afadhali kuwala na kuyamaliza.

Kuna pia hofu ya mdondo. Ugonjwa huu, ambao kwengine huitwa kideri, hutukia hasa miezi ya kiangazi, na ukiingia katika banda lisilo na chanjo huweza kumaliza karibu kuku wote. Mwaka huohuo jirani yetu mmoja alizika kuku kumi na saba kwa juma moja. Siku hiyo nilielewa maana ya mwanzo wa methali yetu: kuku wa mkata hatagi kwa sababu hufa kabla. Wakati huohuo, dawa ya kumkinga ipo. Chanjo iitwayo I-2 huvumilia joto kuliko zile za zamani, na hutolewa kwa tone moja tu katika jicho la kuku, kisha hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Bwana mifugo alitufundisha, na binti yetu wa miaka tisa ndiye aliyekuwa akiwashika kuku huku mama yake akidondosha. Kichupa kimoja hutosha kuku wengi, kwa hiyo majirani wanne walichangiana gharama nasi.

Jaribu kubwa lilitufika mwishoni mwa Juni. Shule zilikuwa zikaribie kufunguliwa, na binti huyo alihitaji viatu na sare, kwani vya zamani vilikuwa vimemshinda. Mshahara ulikuwa umekwisha kugawanywa. Asubuhi moja akapita mchuuzi mwenye pikipiki iliyofungwa matenga mawili, mmoja wa wale wanaokusanya kuku wa kienyeji wa Dodoma na Singida kwa ajili ya walaji wa Dar es Salaam. Akawatazama mitetea wetu, akawapapasa kifua, akasema, "Baba, hawa sita nawachukua wote sasa hivi, fedha mkononi." Bei aliyotaja ilitosha viatu, sare, na chenji ikabaki.

Mimi na mke wangu tukatazamana. Hakuna aliyeona kwamba mwenziwe angekuwa mjinga akikubali. Mtoto alikuwa wetu, na haja ilikuwa ya leo. Mayai yalikuwa ya kesho, na kesho haina dhamana. Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mboga kibarazani, ndiye aliyesema, "Wanangu, mkiuza pora mmeuza nyama. Mkiuza mtetea, mmeuza na mayai ambayo hamjayaona."

Tukawauza pora wawili, tukabakiza mmoja awe jogoo wa banda. Fedha zikatosha viatu. Sare haikupatikana. Mke wangu aliifumua pindo ile ya zamani, akatia kiraka kwapani, na mtoto akaivaa muhula mzima. Sisemi hayo ili tusifiwe. Nasema kwa kuwa subira ina gharama, na katika nyumba zetu, aghalabu anayeilipa ni yule mdogo ambaye hakuulizwa.

Laiti wakati ule ningalijua yote yanayotendeka ndani ya mwili wa mtetea, ningalimweleza mtoto kwa moyo mkunjufu zaidi. Kuku wa kisasa wa mayai huanza kutaga akiwa na miezi minne na nusu hadi mitano. Wa kienyeji huchukua miezi sita au saba, na penye chakula haba huzidi hapo. Katika muda huo hakai bure. Majuma mawili hivi kabla ya yai la kwanza, mifupa yake huanza kuweka ndani akiba ya chokaa, kwani ganda la yai karibu lote ni chokaa. Undu wake, kile kilemba cha kichwani, huwa chekundu. Mifupa ya nyonga hutanuka. Ukimkaribia, huchutama badala ya kukimbia. Akianza kupekua pembe za nyumba na kujiimbia kwa sauti ya chini, ujue anatafuta mahali pa kutagia. Huo ndio wakati wa kumwekea kiota chenye majani makavu, mahali penye giza kidogo, na kumchanganyia katika pumba maganda ya mayai yaliyokaushwa na kupondwa. Ukimnyima chakula wakati huo kwa kuwa "hana faida", unambomolea msingi fundi aliyekwisha kuanza kujenga.

Nasi tunayo bahati moja ambayo wenzetu wa mbali hawana. Ulaya, mchana wa majira ya baridi hufupika mno, na kuku wengi hupunguza kutaga au huacha kabisa. Hapa Dodoma tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haifiki hata saa moja. Kinachomchelewesha kuku wetu si jua, ni chakula na magonjwa. Na hivyo viwili viko katika uwezo wa mwenye banda.

Yai la kwanza lilipatikana juma la tatu la Agosti. Lilikuwa dogo, lenye uzi mwembamba wa damu juu ya ganda, jambo la kawaida kwa anayeanza. Binti yetu alikula yai hilo peke yake, na hakuna aliyedai sehemu. Kufikia Oktoba mitetea wote sita walikuwa wametaga. Kuku wa kienyeji hutaga mayai kumi hadi kumi na tano kisha hutaka kuatamia, kwa hiyo utajiri haukuingia nyumbani. Lakini Januari 2024 sare mpya ilinunuliwa kwa fedha za mayai, bila kumkopa mtu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ikiwa unao mitetea uani na mwezi huu ni mgumu, nakusihi usiamue kwa njaa ya siku moja. Uza pora kwanza. Jogoo mmoja huwatosha kuku kumi, na yai la kula halihitaji jogoo kabisa. Changianeni chanjo na majirani, maana mdondo haujui mpaka wa ua. Mlishe vizuri asiyetaga bado kama umlishavyo anayetaga. Na ikiwa mtoto wako ndiye atakayevaa kiraka ili mngoje, mweleze sababu, umpe na kazi bandani, ili siku yai litakapopatikana naye alihesabu kuwa ni lake.