Mjomba, Usikubali Taa Ziungwe Moja kwa Moja

Lancaster, Pennsylvania

Mjomba,

Habari za Land Rover yako nimezipata kwa binamu. Kaniambia siku hizi taa zinakuzimikia njiani usiku, ukiwa kati ya Misima na Sindeni huko Handeni, kisha baada ya muda zinawaka zenyewe. Kaniambia pia kuna fundi aliyekushauri mtupe swichi, avute waya kutoka kwenye betri mpaka kwenye taa, halafu akufungie swichi ya ukutani chini ya usukani. Nakuomba sana usikubali. Najua hili si la kwako peke yako. Kuanzia Kabuku hadi Kwediboma, na Korogwe yote, pikapu za umri wa gari lako bado zinabeba mahindi na machungwa, na nyingi zinatembea usiku kwa mwanga usiomwezesha dereva kuona ng'ombe mpaka awe ameshamfikia.

Jirani yangu hapa ni mzee aliyekulia shambani. Ana pikapu aina ya Chevrolet C10 ya mwaka 1972, anabebea kuni na majani ya ng'ombe. Katika jimbo hili gari likishatimiza miaka 25 unaweza kuliombea namba za magari ya kale, likasamehewa ukaguzi wa kila mwaka, ila hulitumii tena kwa kazi za kila siku. Mzee hakutaka. Gari lake ni la kazi, kwa hiyo kila mwaka analipeleka gereji iliyoidhinishwa, wanakagua breki, matairi, usukani na taa, ndipo wanabandika stika kwenye kioo cha mbele. Mwaka huu taa zake zilianza mchezo huohuo wa taa zako: zinazima, zinawaka, zinazima tena.

Na hapa kuzimikiwa taa ni hatari kweli. Lancaster ni nchi ya Waamishi, Wakristo wasiomiliki magari. Wanasafiri kwa vigari vya kijivu vinavyokokotwa na farasi, hata usiku, vikiwa na taa za betri na pembetatu ya rangi ya chungwa nyuma. Unapanda kilima kidogo katikati ya mashamba ya mahindi, ukishuka upande wa pili unakuta familia nzima mbele yako, mwendo wa farasi. Kila nikipita njia hizo nawakumbuka wale vijana wa baiskeli za mkaa wanaoingia Handeni alfajiri, ambao hata hiyo pembetatu hawana.

Mzee aliniomba nimsaidie kwa kuwa vidole vyake vimekakamaa. Swichi ya Chevrolet hiyo ni ya kuvuta. Ukivuta mara moja zinawaka taa ndogo, ukivuta tena zinawaka taa kubwa, na ukizungusha kirungu chake unapunguza mwanga wa dashibodi. Tulianza kwa kuchomoa betri. Kisha unavuta kirungu mpaka mwisho, unapitisha mkono chini ya dashibodi bila kuona kitu, unapapasa mwili wa swichi mpaka kidole kikute kibonyezo kidogo chenye springi. Ukikibonyeza, kirungu kinatoka kizimakizima pamoja na chuma chake. Hapo ndipo unafungua nati ya mbele na swichi inashukia mkononi mwako. Nilipochomoa soketi yake niliona ugonjwa wote. Plastiki ilikuwa imegeuka kahawia na kuvimba kwenye tundu moja tu, lile linaloleta moto kutoka kwenye betri, na kichuma cha ndani kilikuwa cheusi kama kimetoka jikoni.

Spea haikutusumbua. Ipo kampuni ya Kansas iitwayo LMC Truck inayochapa katalogi nzima za spea za pikapu za zamani za Chevrolet na Ford, hadi skrubu. Mzee aliagiza swichi mpya pamoja na soketi, ikaletwa mlangoni. Lakini swichi mpya peke yake ingeungua tena baada ya miaka, kwa sababu kosa liko katika jinsi magari yale yalivyofungwa waya tangu kiwandani.

Umeme wote wa taa kubwa unapita ndani ya swichi. Taa mbili za wati 60 kwenye betri ya volti 12 zinavuta ampea 10, na taa za nyuma hazijahesabiwa. Vichuma vya ndani vikichakaa au kushika kutu, vinaanza kuuzuia umeme, na umeme uliozuiwa unageuka joto. Upinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu, ambao fundi hawezi kuuona kwa macho, unakula volti moja nzima na kuzalisha wati 10 za joto ndani ya kitu kidogo kuliko kiberiti. Ndani ya swichi ya Chevrolet kuna bamba linalokata umeme likipata joto na kuunga tena likipoa, ndiyo maana taa za mzee zilikuwa zinarudi zenyewe. Kwenye Land Rover yako bamba hilo halipo. Ile swichi inayozunguka tundu la ufunguo, yenye herufi S na H, vichuma vyake vinalegea kwa joto na kuachana, na taa kubwa hazina hata fyuzi ya kuzilinda.

Tena kabla ya kuzima kabisa, taa zinakuwa zimeshakuibia mwanga kwa muda mrefu. Volti ikipungua kwa asilimia 10 tu kwenye globu ya kawaida, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30. Dereva anadhani macho yake yamezeeka.

Kwa hiyo tuliongeza rilei mbili, moja ya fulu na moja ya dimu. Sasa swichi inatoa amri tu, inapitisha umeme usiofika nusu ya ampea, na mzigo wa taa unabebwa na rilei. Hicho ndicho ninachotaka ufungiwe, Mjomba, badala ya swichi ya ukutani itakayobeba mzigo wote, na spea zake hazihitaji kusubiri mtu anayetoka Marekani. Rilei za miguu minne zimejaa kwenye Toyota zilizokatwa skrepa, na mafundi umeme wa Manundu, Korogwe, wanazijua vizuri. Mguu wa 30 uletewe waya mnene, usiopungua milimita za mraba 2.5, kutoka kwenye betri, ukiwa na fyuzi karibu na betri yenyewe. Mguu wa 87 uende kwenye taa. Waya wa zamani uliokuwa unakwenda kwenye taa uingie 86, na 85 iende ethi. Ethi ya taa nayo isiachiwe bodi, maana bodi ya Land Rover ni aluminiamu na inapokutana na chuma panaliwa. Avute waya mpaka kwenye nguzo ya betri iliyofungwa kwenye bodi.

Jambo moja muhimu. Land Rover nyingi za kabla ya miaka ya mwisho ya 1960 zilifungwa chanya ya betri kwenye bodi. Fundi aangalie kwanza. Ikiwa ndivyo, fyuzi ikae kwenye waya unaotoka hasi, na rilei iwe ya kawaida isiyo na dayodi ndani, kwa kuwa hiyo haibagui upande.

Swichi yenyewe usiitupe. Huku mafundi hawaifungui, wanabadilisha tu. Fundi wetu wa Korogwe anaweza kuifungua, akasugua vichuma kwa msasa laini, akakaza springi na kuirudisha ikafanya kazi miaka mingine, hasa ikiwa haibebi tena mzigo. Ustadi huo nimeutafuta hapa kwa watu wenye gereji kubwa na sikuupata, na inaniuma kuona nyumbani unaonekana ni kazi ya kubahatisha. Akishafanya hivyo, mlipe vizuri.

Kabla hajafungua kitu, mwambie awashe injini na taa kubwa, apime volti kwenye nguzo za betri, halafu apime kwenye soketi ya taa ya kila upande, globu zikiwa zinawaka. Binamu anitumie namba hizo kwa simu. Tofauti ikifika volti moja, usisafirishe machungwa usiku mpaka rilei zifungwe.



Mpwa wako