Mgongo wa Mjomba

Ukisikia mtu wa Tunduru anaishi Chanthaburi, usidhani amepotea njia. Amefuata mawe. Miaka ya 1990, safaya zilipoanza kuchimbwa kwa wingi kwenye mito ya kwetu, wanunuzi wa Kithai walizifuata hukohuko porini. Mengi ya mawe yale yaliishia Chanthaburi, mji ulio kusini-mashariki mwa Thailand, kiasi cha kilomita 250 kutoka Bangkok. Wenyeji wa huku ni mafundi wa kulipika jiwe. Wanalitia katika tanuru lenye moto mkali mpaka rangi ikubali. Likitoka hapo linang'aa kama macho ya paka, na likishauzwa hakuna tena anayeuliza kwao ni wapi.

Mimi nimekuja na mjomba wangu baada ya kumaliza kidato cha nne. Yeye anakaa mezani, mimi napima, naandika hesabu na kuchukua chai. Soko liko mtaa wa Si Chan, nalo huchangamka Ijumaa hadi Jumapili. Mabroka hupita meza kwa meza na vikaratasi vilivyokunjwa, ndani yake mawe. Usiku, Mjomba akilala, mimi naandika riwaya yangu katika daftari. Hilo ndilo lililokuwa likituletea maneno.

"Mjomba," huniambia, maana kwetu huitana hivyohivyo yeye na mimi, "kikaratasi cha kufungia jiwe kina faida kuliko hizo unazozichafua."

Nami nilishaanza kumwamini. Kijana wa miaka ishirini na tatu, nyumbani wanasubiri fedha, halafu unahangaika na watu wa kubuni? Siku ile mama mwuza tambi alipotualika kwenye ufunguzi wa maonyesho ya picha, nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba daftari likijaa, basi, sinunui jingine.

Maonyesho yenyewe yalikuwa Chanthaboon, mtaa wa zamani kandokando ya mto, wenye nyumba za mbao za watu wa asili ya Kichina na Kivietnam. Ng'ambo ya mto kuna kanisa kubwa la Kikatoliki lililojengwa mwaka 1909. Mimi nilizoea kudhani maonyesho ni mambo ya wakubwa, na mlinzi getini anayekukagua viatu. Huku viatu tuliviacha mlangoni, vikachanganyika na ndala za watoto. Mzee mmoja alisema maneno machache, watu wakapiga makofi, tukagawiwa wali wa kunata uliofungwa kwenye majani ya mgomba. Mjomba alichukua mafungo matatu. Kwa kweli ndicho kilichomleta.

Picha zilikuwa za watu wa mtaani wenyewe: mwalimu mstaafu, watoto wa shule, fundi wa mashua. Wengine walijua kuchora, wengine walikuwa wanajitahidi tu. Nikaenda hivyo mpaka nilipofika kwenye picha ya soko letu. Meza ipo, taa ipo, mizani ipo. Mabroka wa Kithai wamechorwa na nyuso zao, huyu anacheka, yule anakuna sikio. Katikati kuna mgongo mpana ndani ya shati la kitenge, na kisogo cheusi chenye mikunjo miwili. Mgongo wa Mjomba!

Nikapandwa na hasira. Watu wote wana nyuso, sisi tumepewa kisogo! Mchoraji alikuwa yuleyule mama wa tambi. Kithai changu ni cha sokoni, bei na uzito na punguza, lakini nilijikakamua nikamwuliza: uso wake uko wapi?

Mama yule hakukasirika. Alinionyesha kwa mikono: banda langu liko hapa, meza yenu pale. Miaka yote nawaona hivi, kwa nyuma, mmeinamia mawe. Halafu akasema polepole ili nielewe: nikichora uso nisiouona, nitakuwa nimesema uongo.

Nikakosa la kujibu. Wakati huo Mjomba alikuwa amefika, mdomo umejaa wali. Akaitazama picha. Akajishika kisogo.

"Kumbe nina mikunjo hivi?" Akasogea zaidi. "Na shati hili... tazama ukosi. Mshono umekwenda upande. Shangazi yako alilishona usiku kwa kibatari, kesho yake nasafiri."

Mchoraji aliuona hata mshono ule! Mimi niliyelifua shati lile mara ngapi sijui, sikuwahi kuuona. Mjomba akatoa pochi, akaanza kuulizia bei kama kawaida yake. Mama akatikisa kichwa: haiuzwi, itabaki mtaani. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona Mjomba akikataliwa bei na akafurahi.

Njiani nilikuwa namfikiria Edward Saidi Tingatinga. Naye alikuwa mtu wa Tunduru. Hakusomea uchoraji popote. Mwaka 1968, huko Dar es Salaam, alianza kuchora ndege na wanyama kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya baiskeli. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baadaye, lakini hadi leo picha za mtindo ule zinaitwa kwa jina lake dunia nzima. Sasa pima mwenyewe: ni safaya ngapi zimetoka Tunduru, na ni ipi inayokumbukwa kwao? Hata Wathai hawa, mtu wanayemwita baba wa sanaa yao ya kisasa alikuwa mgeni, Mtaliano Corrado Feroci. Alikuja mwaka 1923 kuchonga sanamu, akapewa jina la Kithai, Silpa Bhirasri, na mwaka 1943 akaanzisha Chuo Kikuu cha Silpakorn. Kumbe mgeni naye anaweza kuacha kitu katika mji wa watu, zaidi ya kununua na kuuza.

Sisi vijana tunaoandika hupenda kungoja tupate mahali pazuri pa kukaa ndipo tuanze. Mama yule hakungoja. Alichora kutoka bandani kwake, sufuria ikichemka pembeni, na alichokiona ndicho alichokiweka. Nami nina kiti changu mezani pale, karibu na mizani.

Daftari limejaa, nimeshanunua jingine. Mjomba aliliona, hakusema neno. Ila juzi, akiwa anazima taa, aliniuliza:

"Mjomba, na mimi nimo humo?"

"Umo."

Akanyamaza kidogo. "Basi niandike na madeni yangu. Usije ukanipaka rangi."